Mtalii Asiyepigwa Picha

Chukua kijitabu chochote cha kutangaza utalii wa kusini mwa Afrika, vile vinavyogawiwa bure kwenye maonesho. Ukifungua tu unakutana na tembo. Ukigeuza ukurasa, machweo. Ukurasa unaofuata wapo mume na mke, wazungu, wamevaa kaki, wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya mto na glasi mkononi, na nyuma yao kasimama kijana mweusi mwenye kitambaa cheupe mkononi. Mimi nimesomea masoko, na tafiti za utalii wa ukanda huu ni ulevi wangu, kwa hiyo picha hiyo nimeiona mara nyingi kuliko inavyostahili. Kila nikiiona hunijia swali la kihasibu: hivi hawa wawili, kwa mwaka, wanakuja wangapi?

Si wengi kama unavyodhani. Mwaka 2024 Afrika Kusini, ambayo kwa utalii ndiyo kubwa lao katika SADC, ilipokea watalii wapatao milioni 8.9. Takriban robo tatu walitoka humu humu barani. Zimbabwe peke yake ilileta zaidi ya milioni 2. Uingereza, ambayo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ambo, haikufikisha laki nne. Nyuma ya Zimbabwe wanafuata Msumbiji, Lesotho, Eswatini na Botswana, yaani majirani: watu wa kuvuka mpaka kwa basi, kwa kombi, na pale daraja la Maseru hata kwa miguu.

Maana yake ni kwamba ukifumba macho ukachota jina moja kwenye orodha ya watalii wa Afrika Kusini, hakuna nchi yenye nafasi kubwa ya kutokea kuliko Zimbabwe. Na Mzimbabwe huyo hayumo kwenye kijitabu.

Najua atakayeninyooshea kidole: hao ni wachuuzi, ni watu wanaokwenda kuona ndugu, watalii wapi na wapi? Lakini tafsiri inayotumika kimataifa haiulizi kama umebeba kamera. Inauliza kama umetoka nje ya mazingira yako ya kila siku, umelala angalau usiku mmoja, hukukaa zaidi ya mwaka, na hukwenda kuajiriwa huko. Ukienda kununua bidhaa unahesabiwa. Ukienda msibani unahesabiwa. Ukienda kutibiwa, vilevile. Idara ya takwimu ya Afrika Kusini inachukua kumbukumbu za Uhamiaji, inawatoa walioingia na kutoka siku hiyo hiyo, na waliobaki ndio watalii. Kwa hiyo waziri akisimama mbele ya kamera kutangaza kwamba idadi imepanda, mama wa Bulawayo, Zimbabwe, yumo kwenye idadi hiyo. Bajeti ya matangazo ikianza kugawanywa, hayumo.

Tuwatendee haki wenyewe. Bodi ya utalii ya Afrika Kusini inajua tofauti hii. Kwenye ripoti zake soko la Afrika limegawanywa kati ya wanaokuja kwa nchi kavu na wanaokuja kwa ndege, na ununuzi wa bidhaa umeandikwa kama sababu halali ya safari. Hoja yao ya kumkimbilia mgeni wa mbali ni kwamba anakaa siku nyingi na anaacha fedha nyingi kwa kichwa. Ni kweli. Ila fedha ya jirani inakwenda pengine: gesti ya chumba kimoja, basi, mama ntilie wa stendi, maduka ya jumla ya katikati ya Johannesburg. Sisi wa Dar es Salaam tunaielewa fedha hiyo bila kuelezwa, maana Kariakoo inaishi nayo. Wazambia, Wakongo, Wamalawi na Wakomoro wanaojaza gesti za Kariakoo na Gerezani, tuliwahi kuwaita watalii? Hata mabango ya karibu hatuwawekei.

Dada mmoja niliyesoma naye alikuwa anakusanya data za tasnifu yake ya uzamili, akaniomba nimsaidie kujaza madodoso Park Station, Johannesburg, kwenye mabasi ya kwenda Zimbabwe. Dodoso lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, limerithiwa kutoka makala moja hadi nyingine: sentensi, halafu visanduku vitano, kuanzia “sikubaliani kabisa” hadi “nakubaliana kabisa”. Nikampata mama wa makamo, mwenyeji wa Masvingo, ameegemea mizigo yake. Shangazi kaja tatu zimefungwa kamba, blanketi mbili bado zimo kwenye nailoni za dukani, na paneli ya sola imezungushiwa kadibodi na gundi ya karatasi. Nikamsomea: “Mandhari ya Afrika Kusini yananivutia.”

“Mandhari gani?”

Nikamwambia: milima, bahari, mbuga za wanyama.

“Basi linapita usiku, mwanangu. Naona taa za Polokwane, halafu naona foleni ya mpakani Beitbridge.”

“Niandike ngapi, mama?”

“Andika tatu.”

Tukaendelea. “Ninakusudia kurudi Afrika Kusini.” Akacheka, akasema anarudi Alhamisi ijayo. Tano. “Nitawashauri ndugu na marafiki watembelee Afrika Kusini.” Hapo hakucheka. Akasema inategemea ni nani anayeuliza. Mdogo wake mwenye duka atamwambia njoo, bei ni nzuri. Mwanawe wa kiume, hapana, hatamshauri. Jibu hilo halikuwa na kisanduku. Nililiandika pembeni kwa kalamu, na sina shaka lilibaki huko huko pembeni data zilipoingizwa kwenye kompyuta.

Tafiti za mitazamo ya walaji zina nadharia inayotosha kabisa kumwelewa mama huyu. Icek Ajzen aliiandika mwaka 1991 na tangu hapo kila mwanafunzi wa masoko ameinukuu angalau mara moja maishani: nia ya mtu kufanya jambo hutokana na mtazamo wake kuhusu jambo lenyewe, na wanachosema watu anaowajali, na jinsi anavyoona kwamba jambo hilo liko ndani ya uwezo wake. Ni vitu vitatu. Tangazo la runinga linagusa hicho cha kwanza. Linakufanya uipende Cape Town. Halimzuii shemeji yako kukupigia simu kukuambia alichofanyiwa, wala halipunguzi foleni ya mpakani.

Kabla yake, mwaka 1972, mtafiti wa utalii Clare Gunn alikuwa ameshatenganisha picha ya mahali inayojijenga yenyewe kichwani kupitia habari, shule na masimulizi ya watu, na ile inayopandikizwa na wenye kutangaza. Mtu wa Manchester anaijua Limpopo, jimbo la kaskazini mwa Afrika Kusini, kwa picha ya kupandikizwa, kwa sababu hana nyingine. Mtu wa Masvingo hana haja ya kijitabu. Ana binamu Johannesburg, ana kikundi cha WhatsApp cha familia, ana jirani aliyerudi bila mizigo.

Na masimulizi hayo yana tarehe zake. Mei 2008 watu 62 waliuawa kwenye mashambulizi dhidi ya wageni, yaliyoanzia Alexandra, kitongoji cha Johannesburg. Yakarudi 2015. Yakarudi Septemba 2019, na safari hiyo bara zima lilijibu: Zambia ikafuta mechi ya kirafiki na Bafana Bafana, Nigeria ikaja kuwachukua raia wake kwa ndege, na Air Tanzania ikasimamisha safari zake za Johannesburg. Mwezi huo huo wa Septemba, kama kila mwaka, Afrika Kusini ilikuwa inaadhimisha mwezi wa utalii. Ukitaka kuona mipaka ya kazi ya mtu wa masoko, mweke ofisini wiki hiyo na umpe bajeti yoyote unayotaka.

Kuhusu bajeti, kuna mkasa ambao mimi naufundishia kila nikipata nafasi. Mwanzoni mwa Februari 2023 zilivuja habari kwamba bodi ya utalii ya Afrika Kusini ilikuwa inajiandaa kuingia mkataba wa udhamini na Tottenham Hotspur: miaka mitatu, pauni milioni 42.5, fedha ya kwao ikikaribia randi bilioni moja. Nchi ilikuwa gizani kwa mgao wa umeme, kila mtu anahesabu saa za friji yake. Unaweza kufikiria mapokezi. Wajumbe watatu wa bodi wakajiuzulu, bunge likawaita wakuu, na mpango ukafa. Hadi Aprili waziri mpya, Patricia de Lille, alikuwa ameivunja bodi yenyewe.

Waliotetea mpango walitaja Rwanda, iliyoanza mwaka 2018 kujitangaza kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Sipendi ulinganisho huo. Rwanda ilikuwa na tatizo la kwamba watu wengi Ulaya, wakisikia jina lake, waliwaza 1994 na kuishia hapo. Walihitaji picha mpya kichwani mwa mtu wa mbali, na jezi inaweza kusaidia hilo. Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Nani shabiki wa Tottenham asiyejua kwamba Afrika Kusini ipo? Anachouliza shabiki huyo ni kama ataibiwa, kama taa zitawaka hotelini, na tiketi bei gani. Mkono wa jezi hauna nafasi ya kujibu maswali matatu.

Kuna somo lingine la ukanda huu ambalo lingepaswa kuning'inizwa kwenye kila ofisi ya utalii, ya Dodoma ikiwemo. Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai kila mtoto aliye chini ya miaka 18 anayevuka mpaka wake awe na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Lengo lilikuwa kuzuia biashara ya watoto. Ukijumlisha na kanuni nyingine ya mwaka uliotangulia, iliyomtaka mwombaji viza afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, hata kwa nchi kubwa kama China, utaelewa kwa nini wakala wa safari wa Beijing aliamua kumuuzia mteja wake Thailand. Watalii wakashuka kutoka takriban milioni 9.5 mwaka 2014 hadi 8.9 mwaka 2015. Waziri wa utalii, Derek Hanekom, alilalamika hadharani. Mwenzake wa mambo ya ndani, Malusi Gigaba, akasimamia kanuni zake. Serikali ni ile ile, baraza la mawaziri ni lile lile. Mmoja analipia tangazo la “karibuni” na mwingine ameshika kitasa cha mlango. Kanuni zilipoanza kulegezwa, idadi ya mwaka 2016 ikavuka milioni 10.

Sehemu ya anguko hilo, kusema ukweli, ilikuwa Ebola. Ugonjwa ulikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, na Paris iko karibu na Freetown kuliko Johannesburg ilivyo, lakini wageni wa Ulaya na Asia walifuta safari za kuja kuona simba upande huu wa bara. Kwetu Arusha nako walifuta. Ikatokea tena Novemba 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipotoa taarifa ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, kwa uaminifu na kwa haraka: haikupita siku mbili, Uingereza ikazifungia nchi sita za kusini mwa Afrika kwa mpigo. Mgeni wa mbali ana fedha, hilo halina ubishi, ila hukimbia kwa kichwa kimoja cha habari, tena cha nchi isiyo yako. Mama wa Masvingo alikuwa anarudi Alhamisi.

Wenyeji nao wanarudi, ukiwajali. Miaka ya 2000 Afrika Kusini ilianzisha kampeni ya Sho't Left kwa ajili ya raia wake, jina likiwa limechukuliwa mdomoni mwa abiria wa teksi za kombi: ndivyo anavyomwambia dereva amshushe hapo karibu, kushoto, kama sisi tunavyosema “shusha”. Naiona ndiyo kampeni yenye akili kuliko zote za ukanda huu, kwa sababu iliona ugumu ambao watafiti wa nje hawauoni. Kruger ni hifadhi ya taifa tangu 1926, lakini sheria ya 1953 ya kutenganisha huduma kwa rangi ilifutwa mwaka 1990 tu. Kuna watu wazima leo ambao wazazi wao hawakuruhusiwa kukanyaga ufukwe fulani wa Durban. Ukimpa mtu wa Soweto dodoso linalouliza “unapendelea likizo ya aina gani”, unamuuliza kuhusu kitu ambacho familia yake ilianza kuruhusiwa juzi. Yeye likizo anaijua: ni Desemba, basi la kwenda Eastern Cape, viroba vya mahindi, watoto, na kuku wa kuchinjwa kwa bibi.

Msomaji wa Moshi ameshanielewa. Kila Desemba barabara ya Dar kwenda Kilimanjaro hufurika, nauli inapanda, gesti za njiani zinajaa, mbuzi wanaisha mnadani. Kiuchumi hiyo ni safari ya utalii kamili. Lakini sijawahi kuona mtu akimpelekea Mchaga dodoso la mtazamo wa mlaji pale stendi.

Sasa swali la wachumi, ambalo ndilo linaloziingiza tafiti hizi kwenye hotuba za mawaziri: je, utalii unakuza uchumi, au uchumi ukikua ndio watu wanakuja? Kwa Hispania, Balaguer na Cantavella-Jordá walijibu mwaka 2002 kwamba utalii unavuta uchumi, na makala yao ikazaa mamia. Kwa Afrika Kusini, Akinboade na Braimoh walitumia mwaka 2010 kipimo cha Clive Granger, wakaona mapato ya utalii yanatangulia ukuaji wa pato la taifa, wala si kinyume chake. Kipimo cha Granger kinafanya kazi ya maana lakini ni nyembamba: kinaangalia kama mwenendo wa jana wa kitu kimoja unakusaidia kubashiri mwenendo wa kesho wa kitu kingine. Jogoo naye hutangulia mapambazuko, na wazee walishasema, awike asiwike kutakucha. Siwadharau waandishi, wao wenyewe wanajua wanachopima. Ninaowalaumu ni wanaochukua sentensi ya mwisho ya muhtasari na kuitia kwenye hotuba ya bajeti.

Halafu kuna jambo ambalo kipimo hicho hakiligusi: fedha inaishia kwa nani. Hapo nenda Botswana. Tangu sera yao ya 1990 walichagua wageni wachache wenye fedha nyingi, na delta ya Okavango, iliyokuwa eneo la 1000 kuingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2014, ndiyo sura ya uamuzi huo. Mgeni anashuka mji wa Maun, anabadilisha ndege, anapanda ya injini moja na kutua ndani ya delta kwenye kambi ambayo usiku mmoja unaweza kuzidi dola elfu moja. Mazingira yamelindwa, na hilo silichukulii kirahisi. Tumeona kwetu magari yanavyobanana mtoni Mara. Lakini Joseph Mbaiwa wa Chuo Kikuu cha Botswana aliandika mwaka 2005 juu ya utalii wa kujitenga: wenye kambi wengi ni wageni, sehemu kubwa ya fedha hailali nchini, na wenyeji wanabaki kwenye kazi za mshahara mdogo. Mgeni alishalipa kabla hajapanda ndege, kwa kampuni iliyo nje. Maun alitua kubadilisha ndege tu. Ukimpa dodoso ataweka tano kwenye kila kisanduku, na atakuwa mkweli.

Kwa hiyo siamini kwamba kuna “mtalii” mmoja ambaye akiongezeka kwa asilimia kadhaa basi pato la taifa nalo linaitikia. Kuna yule wa ndege ndogo na kuna yule wa shangazi kaja, na njia ambazo fedha zao zinapita hazikutani. Ukiwatia kwenye safu moja ya jedwali umepata namba, umepoteza habari.

Kama ningepewa zile pauni milioni 42.5, nisingenunua hata bango moja. Mei 2021 daraja la Kazungula lilifunguliwa juu ya Zambezi kati ya Zambia na Botswana, mita 923, mahali ambapo malori yalikuwa yanasubiri kivuko kwa siku kadhaa. Zambia na Zimbabwe zilianzisha viza moja ya dola 50 mwaka 2014, ili mtu ayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) kutoka pande zote mbili bila kulipia mlango mara mbili. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini siku 90 bila viza. Hayo matatu hayakubuniwa na wakala yeyote wa matangazo, na ndiyo matangazo bora niliyoyaona katika ukanda huu.

Wanafunzi wa masoko mnaoniandikia kuomba mada ya tasnifu: acheni uwanja wa ndege. Watu wa pale wameshaulizwa vya kutosha. Nendeni mipakani: Beitbridge, Maseru, Kasumbalesa kati ya Zambia na Kongo, na hapa kwetu Tunduma. Ulizeni foleni ilichukua saa ngapi. Ulizeni kama choo kilikuwa na maji, na kama taa ziliwaka walipofika saa nane usiku. Ulizeni walimlipa nani nje ya risiti. Ulizeni alilala wapi, kwa shilingi ngapi, mwenye gesti ni nani na ananunua wapi mashuka. Na pale mtakapofika kwenye sentensi ya kushauri ndugu na marafiki, wekeni mistari mitupu mitatu chini yake badala ya visanduku.